Habari Mbili, Mzizi Mmoja

Mwezi wa Februari 2023 shirika la BBC lilionyesha filamu juu ya mashamba makubwa ya chai ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi walivyodhalilishwa kimwili na wasimamizi. Wengine walisema miili yao ilifanywa bei ya kazi. Filamu hiyo yastahili sifa, kwani yaliyonong'onwa miaka mingi yalisikika hata Bungeni.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo, waandamanaji wa Kericho waliteketeza mitambo ya kuchumia chai. Picha za moto zilienea. Lakini moto hausemi ni mikono ya nani iliyokosa kazi.

Kasoro ni kuzisimulia habari hizi kila moja peke yake, moja ya wanawake, nyingine ya ghasia. Hivyo ni rahisi mtazamaji kumwona mwanamke kuwa majeruhi tu, na mwandamanaji kuwa mhuni tu. Kumbe mzizi ni mmoja, nao ni uhaba wa kazi. Uhaba huo ndio uliompa msimamizi nguvu juu ya mchumaji. Na mtambo, ufanyao kazi ya watu wengi, wauzidisha.

Basi, msomaji, usomapo gazeti yakupasa ujiulize: ni nani anenaye hapa, na ni nani asemewaye?