Nani Atamjibu Nani

Chukua jambo moja tu, gesi ya Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, kisha ujiulize utalisimuliaje kwa mtu asiye na picha mbele yake. Gesi hiyo iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, ikakaa ardhini miaka mingi bila kumkosesha mtu usingizi. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara mjini kupinga isipelekwe Dar es Salaam. Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, mji ukawaka moto: majengo yakachomwa, watu wakapoteza maisha. Bomba likajengwa hata hivyo, zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba, likazinduliwa mwaka 2015. Mwandishi wa gazeti anaweza kuyaweka hayo yote katika aya moja na kulala. Mtengenezaji wa podikasti hana aya. Ana sauti, na sauti zina wenyewe.

Hapo ndipo unapoanza ufundi ninaotaka kuusifu, ufundi wa kuchagua umbo la kipindi. Wengi hudhani ni kazi ya dakika tano, ya kuulizana kama tutafanya mahojiano au mjadala, kisha maiki ziwashwe. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Ukimketisha mhandisi kwa dakika arobaini, msikilizaji atajifunza jinsi gesi inavyosafishwa Madimba kabla ya kuingia bombani, na wa kumjibu mhandisi atakuwa mtangazaji peke yake. Ukiita watu wanne wabishane, mwenye koo pana atashinda. Mzee wa pwani, ambaye hutanguliza salamu, akafuatisha kisa na kuiacha hoja mwishoni, atakatwa kabla hajafika. Ukisimulia mwenyewe, ukichomeka sauti za watu katikati, kipindi kitapendeza sana, ila kila uliyemrekodi ataingia unapotaka wewe na kunyamaza unapotaka wewe. Umbo ndilo linaloamua nani atamjibu nani. Mvuvi wa Msangamkuu huchagua kati ya jarife na wavu wa dagaa akiwa bado mchangani, kwa kuwa akishafika majini ameshachagua na samaki. Mtengenezaji naye, kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi, ameshachagua atakaosikika.

Tanzania ina historia ndefu ya ufundi huu, hata kama hatukuwa tukiutaja kwa jina la podikasti. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Kila wiki, kwa wiki 12, vikundi vilikutana vijijini kusikiliza kipindi kifupi. Redio ikinyamaza, kiongozi wa kikundi alifungua kijitabu, wakasoma, wakajadili, wakakubaliana la kufanya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vingi vikachimbwa. Ukikisikiliza kipindi kile peke yake unaweza kukiona kikavu, kwa sababu kilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili waliifanya wasikilizaji, chini ya mwembe au darasani. Waliokiunda walijua kwamba hakuna redio inayoweza kumchimbia mtu choo, kwa hiyo wakaacha nafasi mwishoni, na nafasi ile ndiyo iliyofanya kazi.

Miaka 20 baadaye ulikuja mchezo wa redio uliogusa UKIMWI, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 na kurushwa mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu, waliingia nyumbani kwa watu kama majirani. Kwa miaka miwili mchezo huo haukurushwa eneo la Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha walioufuatilia na wasioufuatilia. Mimi kinachonivutia ni jambo dogo kuliko utafiti. Mkwaju hakuwa shemeji wa mtu. Unaweza kumlaani kwa sauti mbele ya wakwe na watoto, na hakuna atakayevunjiwa heshima. Wakati ule UKIMWI ulizungumzwa kwa mafumbo, na mchezo uliwapa watu mtu wa kumjibu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kipindi cha uvuvi wa baruti kiweje, simshauri mahojiano. Kuanzia Msangamkuu hadi mdomo wa Ruvuma kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na vijiji vikiwa ndani yake. Askari wa doria ana la kusema. Aliyewahi kurusha baruti ana la kusema, na anayenunua samaki wake kwa bei ya chini huku akijua wamepatikanaje naye analo. Lakini hakuna atakayelisema kwa jina lake, katika kijiji ambacho kila mtu anaitambua sauti ya mwenzake hata gizani. Kumbadilisha sauti kwa mitambo kunamfanya asikike kama jambazi. Andika mchezo. Mpe mvuvi wa kubuni mke mwerevu na deni dukani, halafu uone kijiji kizima kitakavyobishana juu yake.

Mahojiano nayo yana mahali pake, ila ni lazima yaijue lugha ambamo yanafanyika. Kiswahili cha masimulizi hakiendi peke yake. Mtambaji akisema "Hadithi, hadithi," hawezi kuendelea mpaka ajibiwe "Hadithi njoo." Hata baada ya hapo, anayesimulia husubiri "enhe", "ikawaje?", "lahaula!" kutoka kwa anayepokea. Nimewaona wahariri vijana, wenye masikio mazuri tu, wakizifagia "enhe" zote ili kipindi kiwe safi. Kinachobaki ni bibi anayezungumza na ukuta. Kwa mazungumzo ya wazee wa Mikindani au Kilambo, umbo bora mara nyingi ni la watu wawili ambao mmoja hana maswali mengi, ila anajua kupokea. Mpokeaji mzuri ni adimu kuliko mtangazaji mzuri, na hakuna mashine inayoweza kumpachika baadaye.

Umbo pia linafungwa na simu ya msikilizaji. Dakika 30 za sauti ya mkondo mmoja, zikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti zisizozidi 15. Ukizihifadhi kwa kilobiti 128, uzito unakuwa mara mbili. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo ndilo linaloamua kama atakusikia au la. Wengi hupokea faili kwa WhatsApp au kwa memori kadi ya rafiki, bila maelezo yoyote ya maandishi, pengine sehemu ya tatu ikifika kabla ya ya kwanza. Kwa hiyo simulizi ya vipande kumi vinavyotegemeana, hata iwe nzuri kiasi gani, itafika kwa watu ikiwa imevunjika. Kila kipande kisimame kwa miguu yake: kimtaje anayezungumza, mahali na jambo, kisha kiendelee.

Habari nyingine zina haraka. Minada ya korosho ikifunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, mkulima wa Tandahimba anataka bei ya leo, chama kikuu kilichouza, na kama wakulima wameikubali au wameikataa. Dakika tatu zinamtosha. Mwaka 2018, wanunuzi walipotaka bei ambayo wakulima waliikataa, Serikali ikatangaza itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia maghalani. Siku zile kipindi cha dakika tatu hakikutosha tena, kwa sababu swali lilikuwa limehama kutoka bei hadi lini na nani atalipwa. Fundi hujua siku ambayo jambo lile lile linadai umbo jingine.

Na kuna yasiyodai umbo lolote. Unyago wa huku Mtwara una mafundisho, nyimbo na vicheko ambavyo kwa sikio la mtengenezaji ni dhahabu. Kungwi anaweza kukukaribisha nje, akakueleza kwa nini binti hufundishwa na nani anagharamia sherehe. Ya ndani yana wasikilizaji wake tayari, nao wameingia kwa mlango wake. Wengine wote hawana haki ya kujibu mule, basi hawana haki ya kusikia. Kuacha maiki ndani ya begi ni uamuzi wa umbo kama uamuzi mwingine wowote, na unahitaji ujasiri zaidi.

Turudi kwenye gesi. Mimi ningeikwepa meza ya mjadala. Ningeanza na mkazi mmoja wa Msimbati, aseme dakika kumi bila kukatwa, akiwa na mpokeaji wa kijijini kwake. Sauti hiyo ningempelekea mhandisi, aisikilize yote ndipo ajibu, asitoe hotuba aliyokuja nayo. Jibu lake lingerudi Msimbati, lisikilizwe na kikundi kama enzi za Mtu ni Afya, na kikundi kichague msemaji wa kipindi cha tatu. Washairi wetu wamelumbana hivyo magazetini kwa miongo, ubeti kwa ubeti, kila mmoja akilazimika kumsoma mwenzake kabla ya kushika kalamu. Ni umbo la polepole, halina mshindi wa siku hiyo, na mtangazaji hasikiki sana. Lakini mwaka 2013 Mtwara haikukosa watu wa kusema. Ilikosa zamu ya kusikilizwa na kujibiwa, na hiyo ni kazi ambayo umbo la kipindi, likichaguliwa na fundi, linaiweza.