Mabamba ya Ardhi na Shaka ya Msomaji: Uhakiki wa Ushahidi Kutoka Maniema ya Kusini

Nadharia ya mabamba ya ardhi aghalabu hufundishwa kama kanuni isiyohitaji kuthibitishwa. Mwanafunzi huambiwa kuwa tabaka la nje la dunia limegawanyika katika vipande vikubwa viendavyo polepole. Hukariri majina ya vipande hivyo, akafaulu mtihani. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kasongo au Kabambare ana haki ya kuuliza: ardhi hii aikanyagayo inakwenda wapi, na ni nani aliyeiona ikienda? Swali hilo halistahili kudharauliwa. Wataalamu wenyewe walibishana juu yake kwa nusu karne tangu Alfred Wegener alipotoa hoja yake mwaka 1912.

Sehemu ya shaka hiyo huzaliwa na lugha. Neno "bamba" humfanya msomaji afikirie kipande chembamba cha chuma, ilhali mabamba yanayozungumziwa yana unene wa kilomita 100 hivi, na chini ya mabara ya kale, kama lile la Kongo, unene huo huzidi kilomita 200. Neno "ufa" nalo lina taabu yake. Katika methali, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni mwanya mdogo unaopita katika kitu kizima. Bonde la Ufa si mwanya wa namna hiyo. Ni nchi iliyodidimia kati ya kingo mbili. Sakafu ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, iko chini ya usawa wa bahari kwa mamia ya mita. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa na kupanda milima kuelekea Kabambare na Kasongo, ilikuwa ikikata bonde hilo kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo misafara iliyoleta Kingwana Maniema.

Je, nchi hiyo ilididimia kwa sababu gani? Hapa ndipo shaka ya wasomi ilipojikita. J. W. Gregory, aliyelipa bonde jina lake la kitaalamu mwishoni mwa karne ya 19, aliona kuwa ardhi ilivutwa pande mbili, kipande cha kati kikashuka. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alipinga: kwake kingo zilisukumwa zikielekeana, zikakikandamiza kipande cha kati. Mwaka 1936 Bailey Willis wa Marekani alishika msimamo ulio karibu na huo. Mwaka huohuo Edward Bullard alichapisha vipimo vya nguvu ya mvutano wa dunia katika Afrika Mashariki. Mvutano ulikuwa dhaifu juu ya mabonde, naye akahitimisha kuwa sakafu zake zimeshikiliwa chini na mgandamizo. Ikiwa Afrika inabanwa, haiwezi kusemwa kuwa inapasuka.

Shaka hiyo ilikuwa na vipimo nyuma yake, wala haikuwa ukaidi. Iliondolewa na vipimo vingine. Mwaka 1963 Vine na Matthews walieleza mistari ya sumaku iliyo katika sakafu ya bahari kuwa ni kumbukumbu ya sakafu hiyo kuzaliwa katikati na kusogea pande mbili. Mwaka 1965 Bullard yuleyule, pamoja na Everett na Smith, alionyesha kwa kompyuta jinsi mabara ya pande mbili za Atlantiki yanavyoshikana. Udhaifu wa mvutano nao ukapata maelezo mengine, yakiwemo mashapo mepesi yaliyojaa mabondeni na miamba yenye joto iliyo chini yake. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 chini ya Ziwa Tanganyika, lenye ukubwa wa 6.8, lilikuwa la aina itokeayo pale ardhi inapovutwa, si pale inapobanwa. Vipimo vya setilaiti vimelijibu swali la mwanafunzi waziwazi: Kasongo inakwenda kaskazini-mashariki yapata sentimita 3 kwa mwaka, pamoja na bara lote; na kingo za bonde huachana kwa milimita chache tu. Asiyehisi mwendo huo hakosei. Kila kilicho karibu naye kinakwenda pamoja naye.

Hata hivyo, ufundishaji mwingi hutegemea mfano ulio dhaifu zaidi ukisimama peke yake, yaani kufanana kwa pwani za Afrika na Amerika ya Kusini. Ushahidi ulio karibu zaidi huachwa. Katika miamba ya kundi la Lukuga, mashariki ya Kongo, mna mashapo yaliyoachwa na barafu kabla hata ya makaa ya mawe yapatikanayo karibu na Kalemie kuundwa. Barafu katika nchi ambayo leo iko karibu na Ikweta! Mwenye shaka aweza kusema kuwa hali ya hewa ya dunia nzima ilibadilika. Lakini mashapo ya namna hiyo na ya enzi hiyo, yapata miaka milioni 300 iliyopita, yanapatikana pia Afrika ya Kusini, Brazili, India na Australia, wakati kaskazini ya dunia ilikuwa na misitu ya joto. Mabara hayo yakiunganishwa karibu na ncha ya kusini, fumbo hufumbuka. Yakiachwa yalipo, hubaki.

Hayo yote hayamaanishi kwamba kila jambo limekwisha. Kuhusu miamba ya kale yenye bati ya Maniema, wapo walioiona kuwa alama ya mabamba yaliyogongana. Tack na wenzake walidai mwaka 2010 kuwa tukio kubwa la miaka milioni 1,375 iliyopita lilikuwa la kuvutwa kwa ardhi ndani ya bara lenyewe. Mjadala huo haupingi nadharia; unauliza mipaka ya kuitumia.

Hivyo basi, kosa la mwalimu si kuiamini nadharia bali kuitoa bila historia ya wale walioikataa. Bullard alikosea kwa vipimo vyake, kisha akajisahihisha kwa vipimo. Mwanafunzi wa Kabambare akifundishwa safari hiyo kwa Kiswahili anachokielewa, shaka yake haitamwaibisha. Itakuwa mwanzo wa elimu yake.