Kabla ya Masika: Tartibu ya Kutengeneza Nyumba ya Mawe ya Kupangisha

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ambao mwaka 2000 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, zimejengwa kwa vitu vitatu, yaani mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vyote vitatu vina adui mmoja, nayo ni maji. Kwani jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na hunywa maji upesi, chokaa isiyotunzwa humomonyoka, na boriti ikikaa na unyevu huoza kichwa chake kilichozama ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyewapangisha wengine, asiyelala humo akasikia tone la kwanza likidondoka, anahitaji tartibu ya kila mwaka kuliko yule aishiye kwake mwenyewe. Tartibu hiyo, kama wanavyoifuata mafundi waangalifu, ina mantiki moja ambayo ndiyo madhumuni ya uchambuzi huu: kila kazi hufuata njia ya maji, kutoka juu ya paa hata mtaro wa uchochoroni, na hata mgawanyo wa gharama baina ya mwenye nyumba na mpangaji, ukifanywa kwa insafu, hufuata njia hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ni wakati. Mvua za Unguja ni mbili, masika kuanzia Machi hata Mei, na vuli kuanzia Oktoba hata Disemba, na baina yake, upepo wa kaskazi uvumapo, hupatikana Januari na Februari, miezi ambayo kuta zimepata nafasi ya kutoa unyevu wa vuli ilhali masika bado hayajafika. Hapo ndipo pa kufanya kazi, wala sababu si raha ya fundi tu, maana lipu ya chokaa haikazi kwa kukaukiwa na maji peke yake. Hurudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, jambo lihitajilo wiki nyingi, na lipu iliyopigwa siku chache kabla ya mvua kubwa huoshwa ingali changa. Anayeanza kazi mwishoni mwa Machi, hata akiajiri fundi hodari na kununua chokaa safi, amezimwaga fedha zake mvuani.

Kazi huanzia juu. Mapaa mengi ambayo zamani yalikuwa ya chokaa, tambarare, yamefunikwa kwa mabati, na ni katika mabati hayo na michirizi yake ndipo hasara nyingi huzaliwa. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 80 huteremsha lita 4,000 za maji, sawa na mapipa 20 ya lita 200. Na maji yote hayo, mchirizi ukiwa umezibwa na majani au na vijiti vya viota vya kunguru, hufurika mahali pamoja na kuuteremkia ukuta mmoja, siku baada ya siku, mpaka ukuta huo ushibe. Kwa sababu hiyo mchirizi huzolewa kwa mkono, kisha humiminiwa ndoo kadhaa za maji ili fundi aone kama yanakwenda au yanatuama. Misumari iliyolegea hung'olewa na kupigiliwa mipya yenye vizuizi vya mpira. Bati lililoliwa na kutu hutolewa zima, kwa kuwa kiraka cha lami hudumu kwa muda mfupi na huficha kutu inayoendelea chini yake. Hapo hapo juu huangaliwa miche ya mikuyu, ambayo mbegu zake huletwa na ndege na kuota katika nyufa, na mche huo sharti ung'olewe pamoja na mzizi wake, kwani ukikatwa tu huchipua tena, na mzizi uliozidi kunenepa hupanua ufa hata mawe yakaachana.

Kutoka paani maji yaliyopenya hukutana na boriti. Miti hii ya mikoko, ambayo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya nyumba hizi kuwa vyembamba, aghalabu mita tatu hivi kwa upana, hustahimili miaka mingi mno ikiwa mikavu. Lakini vichwa vyake, vilivyoingizwa ukutani, ndivyo vinavyooza kwanza, na mchwa huanzia papo hapo. Fundi huigonga kila boriti karibu na ukuta na kusikiliza kama mlio wake ni mzito au umepooza, kisha huichoma kwa ncha ya chuma. Ikiwa ncha inazama bila ya kushindwa, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati yake inang'aa kwa rangi mpya. Hubadilishwa moja moja, dari ikiwa imeegemezwa kwa mihimili ya muda, na haijazwi saruji kuzunguka kichwa kipya, bali huachiwa nafasi ndogo ya kupumua.

Sehemu ya kuta ndiyo inayotaka maelezo marefu zaidi, kwa kuwa makosa mengi ya miaka yetu yametendeka humo, na yametendwa kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe, ambao mara nyingi hufikia nusu mita ya unene, hauwezi kuzuiwa kabisa usiingie unyevu, kwani huuvuta kutoka ardhini na kuupokea kutoka angani. Wajenzi wa kale walilijua jambo hili, nao wakauvika ukuta lipu ya chokaa, ambayo huuruhusu unyevu ulioingia utoke. Saruji haina ruhusa hiyo. Mwenye nyumba anayeona lipu ya chini imebanduka huona kwamba chokaa ni dhaifu, akaamuru ipigwe saruji ngumu; maji yakakwama nyuma yake, yakapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi iliyomo katika mawe na mchanga ikaganda chini ya lipu na kuisukuma nje, hata baada ya misimu michache ukuta ukawa umeharibika kwa kimo kikubwa kuliko ulichokuwa nacho kabla ya kutengenezwa.

Kwa hiyo utengenezaji sahihi ni kuibandua saruji pole pole, kusugua chumvi kwa brashi kavu na kuiacha ianguke nje ya nyumba, kuupa ukuta muda wa kukauka, kisha kupiga lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri na kukaa majini, kwa kipimo kimoja cha chokaa na vipimo vitatu vya mchanga uliooshwa chumvi. Ukuta hurushiwa maji kwanza, lipu hupigwa kwa tabaka nyembamba, na jua likiwa kali hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, maana kukauka kwa haraka huleta nyufa. Mwisho hupakwa chokaa nyepesi, yenye uzito wa maziwa, mara tatu au zaidi, na huu si urembo tu, kwani ukali wa chokaa mbichi huua kuvu na koga. Nao ukali huo huo wapaswa kuogopwa, na mpakaji ajihadhari kuyakinga macho yake.

Ndani ya vyumba kazi ni nyepesi, nayo ni ya mpangaji: kusogeza makabati na vitanda viache nafasi ukutani hewa ipite, kuanika magodoro na mazulia wakati wa jua la kaskazi, kufuta kuvu pembeni, kusafisha choo na kutoa taka katika tundu la maji la uani, na kuhakikisha kwamba mtaro wa mlangoni unapitisha maji yote ambayo paa lililotengenezwa vyema litauteremshia.

Nani alipe? Mintarafu ya suala hili pwani yetu haikosi mwongozo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 katika nchi ya Sham, ameeleza katika Minhaj al-Talibin, kitabu mashuhuri kwa wanazuoni wa Kishafi wa pwani hii, kwamba theluji iliyo juu ya paa huondolewa na mwenye nyumba, na ile ya uani pamoja na takataka zake husafishwa na mpangaji. Na kwamba mwenye nyumba asipofanya haraka kutengeneza kilichoharibika, mpangaji ana ikhtiari ya kuuvunja mkataba. Theluji haianguki Unguja, walakini mizani ya hukumu ni ile ile: kinachoshikilia nyumba isimame na isivuje ni dhamana ya anayepokea kodi, na kinachochafuliwa na maisha ya kila siku ni dhamana ya anayeishi. Kadhalika katika nyumba za wakf, ambazo ni nyingi mjini humo, fukaha wameweka kwamba mapato hutumika kwanza kuihifadhi nyumba, ndipo yagawiwe wanaostahiki.

Hasara ya kuivunja mizani hii imekwisha kuonekana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kukaliwa na familia kadhaa kwa kodi ndogo mno. Kila familia ilisafisha chumba chake, lakini paa, lililokuwa la wote, halikuwa na wa kulipanda, na kodi ile haikutosha kumlipa fundi. Zilipofika miaka ya 1980 baadhi ya nyumba zilikuwa zimeporomoka, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji huo.

Natoa rai, basi, kwamba kila mkataba wa kupangisha nyumba ya mawe uandike mambo mawili kwa maneno ya wazi: kwanza, kwamba sehemu ya kodi itengwe kila mwezi kwa ajili ya paa na kuta, na isiguswe kwa jambo jingine, na pili, kwamba mwenye nyumba na mpangaji waikague nyumba pamoja mwanzoni mwa Januari, wakianzia juu na kushuka, na kuandika kila walichokiona na nani atakayekitengeneza. Gharama ya kuzoa mchirizi ni ujira wa fundi wa siku moja; gharama ya kuujenga upya ukuta ulioshiba maji huweza kumeza kodi ya miaka, na hulipwa na wote wawili, mmoja kwa mali yake na mwingine kwa kukosa pa kukaa.