Kura Bila Msomaji

Nimewahi kuipigia kura makala ambayo sikuifungua. Ilikuwa Steemit, mtandao wa blokucheni ulioanza mwaka 2016 kwa ahadi ya kumlipa mwandishi sarafu ya kidijitali kadiri kazi yake inavyopendwa. Mwandishi alikuwa mwenzangu wa kundi. Nilijua jioni naye angeipigia yangu.

Kundi letu halikuzaliwa na uroho. Kura za Steemit hazilingani: uzito wake hutokana na kiasi cha sarafu ulichokifungia humo. Wenye nyingi huitwa nyangumi; sisi tulikuwa dagaa. Hadi katikati ya 2017 kanuni ilikuwa kali zaidi: makala yenye nguvu ya kura maradufu ilipata fungu mara nne. Dagaa mmoja haonekani, lakini kundi la dagaa huonekana. Hoja hiyo naiheshimu hadi leo.

Kosa letu lilikuwa kuuita mpango huo upatu. Kwenye upatu kila mtu hutoa hela yake, na zamu yake ikifika hajampunja jirani. Steemit hulipa kutoka mfuko mmoja, unaotiwa sarafu mpya na kugawanywa kwa makala zote kulingana na kura. Fungu langu likikua, la mwingine linapungua. Zawadi tulizopeana zililipiwa na watu wasiokuwa kundini, pengine mtu aliyeandika vizuri kutuzidi ila hakumjua yeyote.

Agosti 2019 kanuni zikabadilishwa. Wapiga kura wakaanza kupata nusu ya malipo badala ya robo, na kura za kupinga zikatengewa nguvu yake ili mtu asiogope kuzitumia. Nia ilikuwa njema: kuwalipa wanaovumbua kazi nzuri. Lakini mfumo hulipa kura, haulipi usomaji, na hauna namna ya kuvitofautisha. Ndiyo maana wapo walioiachia programu iwapigie kura wakiwa wamelala.

Sisemi makundi yavunjwe. Kundi la Curie lilijipa kazi ya kuwatafuta waandishi wazuri wasiojulikana na kuwapelekea kura. Hapo ndipo naona kipimo cha haki: kundi lipimwe kwa kura linazozitoa nje, kwa watu wasioweza kulilipa. Kundi letu lingepimwa hivyo, lingepata sifuri.

Makala ile niliisoma miezi kadhaa baadaye, siku saba za malipo zikiwa zimepita zamani. Mwenzangu alikuwa ameandika kuhusu usiku aliomwosha baba yake kabla ya mazishi. Aliandika taratibu, bila kulialia, na ilistahili kila senti iliyopata, pengine zaidi.

Chini yake, kwa jina langu, kwenye daftari lisilofutika, kulikuwa na maoni niliyoyaacha sekunde chache baada ya makala kutoka: “Hongera, nimecheka sana!”