Saba Kati ya Kumi

Kuna ufidhuli fulani katika kuipa albamu alama. Wenzako wamekesha studio, wamegombana, wamekopa, nawe umekaa kitini unatamka "sita." Hata hivyo naipenda kazi hii na nawaheshimu wanaoiweza. Alama ikitolewa kwa haki huwa ni dhamana: nimesikiliza mpaka mwisho, niulizeni.

Mhakiki Robert Christgau alianza mwaka 1969, katika gazeti la The Village Voice la New York, kuzipa albamu herufi kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Wengi walikimbilia herufi. Ufundi ulikuwa kwenye aya fupi iliyoandamana nayo, ambamo kila sentensi ilipaswa kubeba hukumu na sababu yake. Siku hizi wapo wanaotoa alama zenye nukta, mimi siwezi. Sikio langu halijui saba nukta tatu inaachania wapi na saba nukta nne.

Katika muziki wa dansi, nasikiliza kwanza gitaa la ridhimu. Mwimbaji na mpiga solo wana wa kuwasifia; huyu wa ridhimu hutajwa akikosea tu. Kisha nasubiri wimbo uvuke kutoka kwenye mashairi kuingia kwenye chemko, sehemu ya kuchezea. Hapo ndipo naipimia bendi. Bendi dhaifu huongeza kasi. Bendi iliyoiva huongeza moto, na mwendo ukabaki uleule.

Chukua "Mario" ya Franco na T.P.O.K. Jazz, ya mwaka 1985. Inapita dakika kumi, na sehemu kubwa Franco anasema kuliko anavyoimba, huku magitaa yakizunguka palepale. Ukiisikiliza juujuu utadhani imerefushwa bure. Irudie. Utasikia kwamba mzunguko ule ndio unaombeba mzee anapomsuta kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri: lawama haziishi kwa kuwa anayelaumiwa hajaona haya. Urefu ndio maana yenyewe. Naipa tisa.

Sasa "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotoka 1989 na kurekodiwa Uingereza katika studio za Real World za Peter Gabriel. Rafiki zangu huipa tisa. Mimi saba, na sababu yangu ni usafi. Kila gitaa limepewa nafasi yake, besi imetulia, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Nimelelewa na rekodi za Radio Tanzania, ambamo vyombo na sauti vinasongamana, na msongamano ule hunipa joto la ukumbi uliojaa. Aliyemjua Remmy kwa albamu hii atasema ni hapa ndipo alipoweza kusikia kila kidole. Naye ana haki. Tunatofautiana juu ya kitu tunachoweza kukionyesha, si juu ya nani mjuzi zaidi.

Penye ugumu ni kwenye kazi ambazo hazikuzaliwa albamu. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanza 1978, ilirekodi nyimbo zake nyingi kwa ajili ya redio, mmoja mmoja. Albamu zilikuja kukusanywa baadaye. Nitawalaumu vipi wanamuziki kwa mpangilio uliochaguliwa na mtu mwingine? Hapo natoa alama mbili, ya nyimbo na ya mkusanyaji. Mkusanyaji asiyeandika nani kapiga solo na nani kapiga ridhimu namkata bila huruma. Kuna wazee waliofariki ambao jina lao kwenye jalada lingekuwa malipo pekee waliyobaki nayo.

Watu wakishindwa kukubaliana kuhusu muziki huufunga mjadala kwa methali: kipendacho roho hula nyama mbichi. Ni kweli, wala sidai kwamba roho yangu ina adabu kuliko ya jirani. Ila mhakiki huanzia pale methali inapoishia. Akishakula, anawajibika kueleza nyama ile ina ladha gani na ni ya sehemu ipi, ili hata atakayeikataa ajue alichokikataa.