Mkono wa Mohamed Amin

Kazi ya mpiga picha za filamu ikifanyika vizuri, mwenyewe haonekani. Mtazamaji humkumbuka aliyelia, aliyeshinda na aliyezikwa. Aliyekuwa na kamera begani hamjui hata kwa jina. Ndiyo maana nimefurahi kuona picha za Mohamed Amin zikipewa maonyesho yake, yaliyoandaliwa na taasisi yenye jina lake na kuwekwa mtandaoni kupitia Google Arts & Culture. Hazina yenyewe ipo Nairobi, mbali na sisi wa Mabawe, wilayani Ngara, Tanzania. Lakini maonyesho haya hayadai nauli. Kijana wa huku kwenye vilima vya Ngara, akiwa na simu na bando, anaingia na kutazama kama aliyeko Nairobi.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi, na kamera ya Box Brownie. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, akaanzisha kampuni ya Camerapix hukohuko Dar es Salaam. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari na kuyapiga picha. Mwaka 1966 akafungwa Zanzibar karibu mwezi mzima na kuteswa, kisha akafukuzwa nchini. Akahamia Nairobi, akaendelea. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi Julai 1969, kamera ya Amin ilikuwepo.

Enzi hizo habari zilipigwa kwa filamu ya milimita 16. Mkanda wa futi 100 huisha kwa chini ya dakika tatu, na filamu ni ghali, tena lazima isafirishwe ikasafishwe kabla hujajua umepata nini. Kwa hiyo mpiga picha huamua kabla ya kubonyeza: asimame wapi, mwanga unatoka upande gani, aanzie kwa nani na aishie kwa nani. Kisha hubana pumzi ili kamera isitikisike, akashikilia hapohapo hata miguu inapotaka kukimbia. Ufundi huu haufundishwi kwa siku chache. Unakaa mwilini, kwenye bega, kiunoni na magotini.

Oktoba 1984 ufundi huo ulifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako njaa ilikuwa inaua watu kwa maelfu. Ripoti ya Amin na mtangazaji Michael Buerk ilirushwa na BBC tarehe 23 mwezi huo, na vituo vingi vya televisheni duniani vikaichukua. Itazame leo uone kamera inavyokwenda. Ni alfajiri, ukungu umetanda uwandani, na kamera inapita polepole juu ya watu walioketi na waliolala. Haikurupuki. Inapomfikia mama na mwanawe inatulia, ikampa mtazamaji muda wa kumwangalia usoni mtu mmoja kati ya maelfu. Utulivu huo ndio uliowazuia watu kugeuza macho. Wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa kuchangisha, na Julai 1985 likafuata tamasha la Live Aid huko London na Philadelphia.

Wapo wanaosema picha za Korem ziliifundisha dunia kuiona Afrika kama bara la njaa tu. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake ni kuitazama kazi yake yote kwa pamoja. Jicho lililotulia Korem ndilo lililotulia mbele ya mahujaji wa Makka na kando ya Ziwa Turkana. Mwenye njaa alipigwa picha kwa heshima ileile aliyopewa mwenye ihramu. Hii ndiyo faida ya maonyesho: taarifa ya habari hukupa dakika chache za msiba, lakini maonyesho hukupa miaka zaidi ya 30 ya mtu mmoja akitazama.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake, fundi sauti John Mathai, akafariki, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Kwenye kamera ya begani, mkono wa kulia hushika na kubeba. Wa kushoto huzungusha lenzi kutafuta fokasi. Alipoteza mkono wenyewe wa ufundi. Akatengenezewa wa bandia, akajifunza upya, akarudi kazini. Alifariki tarehe 23 Novemba 1996, baada ya ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda kutekwa, kuishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija.

Sisi wa Ngara tunajua kamera za dunia zikija zinafanya nini. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia kwetu, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Wapiga picha wakaja kutoka kila upande. Wengi walichukua umati: moshi, maturubai, foleni za maji. Wachache walitulia mbele ya mtu mmoja.

Picha hizo sasa zimelala kwenye maktaba za mbali. Natamani zipewe maonyesho kama haya, na yafike Ngara yenyewe, kwenye ukumbi wa kawaida wenye viti vya kutosha kwa wazee. Wapo waliogawa maji na ndizi barabarani siku zile, na wapo waliowapokea wageni majumbani. Wasimame mbele ya kila picha waseme huyu ni nani, alitoka wapi, aliishia wapi. Aliyeshika kamera bila kutetereka amemaliza sehemu yake. Majina ni kazi yetu, na tuianze kabla wanaoyajua hawajatutoka.