Sanamu ya Chukudu

Mgeni akifika Goma huonyeshwa sanamu ya chukudu, iliyosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara mwaka 2009: mtu pamoja na chombo chake, wote waking'aa rangi ya dhahabu. Sisi twasema wazi kwamba mji ulichagua vema. Miji mingi huwainua wakubwa na majemadari. Goma umemwinua mchukuzi wa mizigo.

Na chombo chenyewe chastahili sifa. Ni mbao ngumu, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa matairi makuukuu, na breki ya kukanyagwa kwa mguu. Wenyeji walikiunda bila mashini wala mafuta, nacho hushusha makaa, viazi na kabichi kutoka Kibumba, mamia ya kilo kwa safari moja. Mteremko ndio injini yake. Hiyo nayo ni elimu, ingawa haikuanzia kitabuni.

Lakini kosa la sanamu ni ile dhahabu. Yaficha vumbi, jasho na magoti yaliyochubuka. Tumewaona watu wakipiga picha mbele yake, kisha sokoni wakimtukana msukumaji aliyechelewa na kumpunguzia ujira waliopatana. Heshima gani hiyo? Sanamu haili, wala haina watoto wa kulipiwa shule. Basi, tukitaka kujua kama twaipenda kweli, tusihesabu picha zetu. Tutazame twamlipa nini yule apitaye chini yake na mzigo wetu.